Nakimbia, najinyima, na mizani haisogei

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 38, kilo 84, urefu sentimita 160. Naishi Tabata, ni mhasibu, kutwa niko kwenye kiti. Miezi mitatu iliyopita nilijiunga na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu. Siku nne kwa wiki tunakwenda kilomita 5, tukichanganya kutembea na kukimbia, na mimi hujifunga nailoni tumboni nitoke jasho. Saa yangu ya mkononi inasema naunguza kalori 560 kila nikitoka. Programu ya simu imenipangia kalori 1,200 kwa siku na nazifuata. Nikirudi nakunywa chai ya maziwa na chapati mbili maana nimeshaziunguza, mchana wali maharage wa mama ntilie, usiku samaki wa kukaanga, mchicha wa nazi na glasi ya juisi. Ugali wa usiku nimeuacha kabisa. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo 3, miezi miwili iliyofuata hata nusu kilo. Mwili wangu unahitaji kalori ngapi? Nikimbie kiasi gani kitambi kiishe? Au ndiyo umri, mwili umeshalala? Na mwanangu wa kiume wa miaka 13 tunayekimbia naye, nimpimie chakula kama changu?

JIBU: Kwanza, dada yangu, ivue hiyo nailoni. Naanza nayo kwa sababu katika yote uliyoyaandika ndiyo pekee inayoweza kukudhuru kesho asubuhi. Jasho ni maji na chumvi kidogo, halibebi mafuta. Ukitokwa na lita moja, mizani itakuonyesha umepungua kilo moja. Ukishakunywa maji ya kutosha kilo yako inarudi kabla ya adhuhuri. Kazi ya jasho ni kuupoza mwili, na linaupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Kwa joto la Dar na unyevu wake, hata aliyevaa fulana nyepesi jasho lake linakauka kwa shida. Wewe umeliziba kabisa. Watu wanaanguka barabarani kwa mtindo huo, na wakiinuka wanasema ni presha.

Sasa tuje kwenye kalori. Ni kipimo cha joto tu: kalori moja ya chakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Mwishoni mwa karne ya 19 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alijenga kule Middletown, Connecticut, chumba kidogo kilichozibwa ambamo mtu aliishi siku kadhaa, akila, akilala na kukanyaga baiskeli, huku joto lote linalomtoka likipimwa. Kazi yake ndiyo iliyotuachia namba zinazotumika hadi leo kwenye maandishi ya nyuma ya pakiti: gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Ishike hiyo 9, nitairudia.

Mahitaji yako nayakadiria kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyotoka mwaka 1990. Unaweza kuifanya mwenyewe kwenye karatasi. Chukua kilo zako uzidishe kwa 10, jumlisha urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5, kisha mwanamke atoe 161. Mwanaume, badala ya kutoa 161, anajumlisha 5. Kwako inakuwa 840 jumlisha 1,000, toa 190, toa 161. Jibu ni 1,489. Hizo ni kalori ambazo mwili wako ungetumia hata kama ungelala kitandani kuanzia alfajiri hadi alfajiri bila kuinua mkono: moyo kupiga, mapafu kuvuta hewa, ini na figo kufanya kazi, ubongo kuwaza madeni.

Kisha tunazidisha kwa kadiri ya mtu anavyojishughulisha. Mtu wa kiti kama wewe ni 1.4 hivi, na kwa hizo siku nne za barabarani nakupa 1.5. Unapata kati ya 2,100 na 2,200. Ukila hapo, uzito unabaki ulipo. Kanuni hii kwa watu wengi hukaribia ukweli kwa tofauti isiyozidi asilimia 10, kwa hiyo usiishike kama risiti ya benki.

Umeiona sasa ajabu ya ile 1,200? Programu ya simu imekupangia chini ya kile ambacho mwili unakitumia ukiwa umelala. Na mwanamke wa kilo 84 anayetumia 2,100 na kula 1,200 kweli kwa miezi miwili hawezi kubaki na uzito uleule. Kilo 4 au 5 zingekuwa zimeondoka, hata mwili ungejibana vipi. Mizani iliyosimama miezi miwili inasema jambo moja tu: kinachoingia kinalingana na kinachotumika. Yaani unakula kama 2,100.

Sikuiti mwongo. Hili lina utafiti wake maarufu, uliofanywa New York na kuchapishwa mwaka 1992. Walichukuliwa watu wanene waliokuwa wakilalamika kama wewe, kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Wakapimwa kwa vipimo vya maabara. Miili yao ilikuwa inatumia nishati kama kawaida. Ila chakula walichokiandika kilikuwa pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula kweli, na mazoezi waliyoyaandika yalizidi kwa asilimia 51. Walikuwa watu waaminifu. Mimi mwenyewe nafanya kazi hii, na siku nilipojipimia wiki nzima kwa mizani ya jikoni niligundua kwamba korosho ninazozitafuna nikisubiri mgonjwa anayefuata zilikuwa mlo kamili.

Nimejaribu kuijumlisha siku yako. Chai ya maziwa vikombe viwili na sukari yake, 200. Chapati mbili, 600. Chapati ya kwetu iliyopakwa mafuta wakati wa kukunja na kupakwa tena juu ya kikaango haipungui sana 300. Sahani ya wali ya mama ntilie, 500, na maharage ya nazi 250. Samaki wa kukaanga 300, mchicha wa nazi 200, juisi ya embe yenye sukari 150. Jumla 2,200. Ni makadirio ya mezani, sijakuona ukila, lakini ona yanavyoangukia palepale ambapo kanuni na mizani vimeangukia.

Ulikosea wapi? Nadhani uliandika "samaki" na programu ikakuhesabia samaki. Haikuhesabu kikaango. Ile 9 ndiyo hii: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori kama 120, na mafuta hayana ujazo wa kumshtua mtu. Hayaonekani kwenye sahani, hayashibishi, yanang'arisha tu. Mchicha mtupu wa kuchemsha ni kalori chache sana, unaweza kula bakuli zima bila hofu. Ukiukaangia kitunguu kwa mafuta vijiko viwili kisha ukaumiminia tui zito, umekuwa chakula kingine kabisa, japo jina ni lilelile.

Kwa familia zetu zinazopika kwenye sufuria moja, kumwambia mtu apime gramu za chakula chake ni kumchosha. Mimi nawaambia wapime dumu. Lita moja ya mafuta ya kula ina kalori zaidi ya 8,000. Dumu la lita 5 ni kama 41,000. Andika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa dumu tarehe ulipolifungua, na likiisha hesabu siku. Kama nyumba ya watu wanne inamaliza dumu la lita 5 kwa mwezi, gawanya: ni kalori 1,380 kwa siku kwa nyumba nzima, karibu 345 kwa kila mtu, kabla hujamhesabu mama ntilie wala sambusa za ofisini. Mengine yanabaki kwenye kikaango, nakubali, lakini yanarudishwa kwenye chupa na kutumika kesho. Dumu hilohilo likienda siku 50 badala ya 30, kila mtu amepunguziwa kama kalori 140 kwa siku, na hakuna aliyelala njaa. Katika miaka yangu ya kazi hii sijaona kipimo kinachoeleweka haraka kuliko hicho, na hakihitaji simu.

Tuje kwenye saa yako na zile 560. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saa na bangili saba za aina hiyo. Mapigo ya moyo zilisoma vizuri. Kalori, hapana: iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, mbovu kuliko zote asilimia 93. Tena namba inayokuonyesha mara nyingi imechanganya ndani yake kalori ambazo ungetumia hata ungebaki nyumbani unatazama televisheni.

Hesabu ya kuaminika zaidi ni nyepesi. Kukimbia kunagharimu kama kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kutembea, ukitoa zile za kukaa tu, ni karibu nusu yake. Wewe ungekimbia kilomita zote 5 bila kusimama ungetumia 420. Ungetembea zote, 210. Unachanganya, basi tuseme 300. Mara nne kwa wiki ni 1,200. Zigawe kwa siku saba, ni kama 170 kwa siku. Chapati ya pili, ile unayojitunza nayo kwa kuwa umekimbia, ina 300 na nadhani inaliwa siku saba, hata siku ambazo hukutoka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalipendi nikiwaambia, na ushahidi wake ulipatikana hapahapa nchini. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake walichapisha matokeo ya kupima Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Waliwapa maji ambayo chembe zake zimewekewa alama, na kwa kupima mkojo siku baada ya siku wakajua kila mtu ametumia nishati kiasi gani. Ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote kwa mtu anayeishi maisha yake ya kawaida. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, ukiacha kuchimba na kubeba. Kila mtu alitarajia watumie kalori nyingi kupita kiasi. Lakini ulipozingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda ofisini.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukiutumikisha sana upande mmoja, unabana upande mwingine: unatulia zaidi ukikaa, unapunguza kazi nyingine za ndani ambazo hazionekani. Wanasayansi bado wanabishana kubana huko ni kwa kiasi gani, ila uchambuzi mkubwa wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 28 ya kalori unazotumia kwenye mazoezi mwili unazirudisha kwa njia hiyo. Kwa hiyo 170 zako zinashuka kwenye 120 hivi. Kijiko kimoja cha mafuta.

Najua linaudhi. Umeamka saa kumi na moja alfajiri, umepita kwenye madimbwi ya Tabata, halafu mtu anakwambia ni kijiko cha mafuta! Lakini ni afadhali nikwambie mimi kuliko uendelee kuongeza kilomita ukidhani kosa liko miguuni.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ujanja wa mwili, ngoja nikuongezee hili hata kama hukuuliza. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba mizigo juu ya kichwa na Wakikuyu wanaoibeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati ya ziada inayopimika. Mwanamke wa kilo 60 anabeba kilo 12 bure. Miaka ya kubeba tangu utotoni imeufundisha mwili wake mwendo unaookoa nguvu. Saa ya mkononi ingempa kalori tele ambazo hajazitumia.

Umri nao unausingizia. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, matumizi ya nishati hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Baada ya 60 ndipo yanaanza kushuka, polepole. Una miaka 38, mwili haujalala. Kilichobadilika tangu uwe na miaka 22 ni kwamba wakati ule ulikuwa unafukuzia daladala na kupanda ngazi za chuo, sasa una kiti cha ofisini cha kuzunguka na kijana wa kukuletea chai.

Kwa ugali nitasema kidogo tu, maana umesingiziwa mno mji huu. Wanga unaoliwa usiku haugeuki mafuta kwa sababu ya giza. Kinachohesabika ni jumla ya siku. Wakimbiaji wa Kikalenjini waliochunguzwa kambini karibu na Kaptagat, Kenya, katika utafiti wa mwaka 2004, walipata zaidi ya robo tatu ya kalori zao kwenye wanga, na ugali peke yake ulikaribia robo. Nakiri wanakimbia kuliko sisi sote tukijumlishwa. Lakini wewe uliutoa ugali mezani ukabakiza samaki wa kukaanga na nazi, yaani ulitoa chenye kalori 4 kwa gramu ukaacha chenye 9. Kipande cha ugali wa dona chenye ukubwa wa ngumi yako, na mchicha mwingi usiozama kwenye tui, kingekushibisha ukalala vizuri. Pengine hata ile hamu ya juisi ingekwisha.

Zile kilo 3 za mwezi wa kwanza? Sehemu yake yalikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na kama gramu 3 za maji. Ukianza kujinyima, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka haraka, mtu anafurahi, anawapigia simu hadi mashangazi. Kisha kasi inakwisha na anadhani dawa imekataa kufanya kazi.

Kitambi sasa. Hakuna zoezi linalochoma mafuta ya tumbo peke yake, wala la mikono, wala la mapaja. Kujikunja chini mara mia kunajenga misuli iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe yanatoka mwili mzima, kwa mpangilio uliorithi. Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo na yanayoleta kisukari na presha, huwa miongoni mwa yanayoitikia mapema mtu akianza kujishughulisha. Ndiyo maana sitaki upime kwa mizani peke yake. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungusha kiunoni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua kawaida, usome. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani linaanza kuhesabu hatari kwenye sentimita 80, na kuanzia 88 hatari imekuwa kubwa. Pima kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla ya chai. Futi kamba mara nyingi husogea wakati mizani imekauka kama jiwe.

Nakushauri ule kama 1,700 kwa siku, si 1,200. Utafikaje hapo bila kuhesabu? Asubuhi chapati moja badala ya mbili, na yai la kuchemsha. Juisi iache, kula chungwa au kipande cha papai. Samaki mara nyingi awe wa kuchoma au wa mchuzi wa nyanya. Mchicha upikwe kwa tui jepesi, nusu ya unalotumia sasa. Hapo pekee umeondoa karibu 500. Mchana mwombe mama ntilie apunguze wali aongeze mboga; wengi hawakatai, na ukiwa mteja wa kila siku atakuzoea. Siku ya harusi au msiba kula pilau pamoja na watu, kesho yake urudi kwenye utaratibu wako.

Kwa mwendo huo tarajia nusu kilo kwa wiki mwanzoni, baadaye pungufu ya hapo. Utaambiwa kwamba kilo moja ni kalori 7,700, basi ukipunguza 500 kwa siku utashuka kilo 2 kila mwezi hadi mwisho wa dunia. Hesabu hiyo ni nzuri kwa wiki chache tu. Mwili mdogo unatumia kidogo, kwa hiyo kadiri unavyopungua ndivyo pengo linavyojiziba. Ukifika kilo 74, ile kanuni itakupa 100 pungufu hata ukiwa umelala. Utakuwa umefika mahali papya pa kufanyia hesabu, hujashindwa.

Mazoezi usiyaache hata siku moja kwa haya niliyoandika. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na wewe umeshafika. Yanashusha presha, yanasaidia sukari kuingia kwenye misuli, yanaleta usingizi. Na yana kazi moja kwenye uzito ambayo haina mbadala: kuuzuia usirudi. Marekani wana orodha iliyoanza mwaka 1994 ya watu waliopungua zaidi ya kilo 13 na kukaa hapo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao wanajishughulisha kwa wastani wa saa moja kila siku. Jiko ndilo linalokushusha, barabara inakushikilia.

Ila siku mbili kwa wiki badala ya kukimbia fanya ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta au sakafu, kubeba ndoo mbili za maji na kutembea nazo uani. Anayejinyima bila kutumikisha misuli hupoteza mafuta pamoja na misuli, na misuli kurudi ni kazi ya miezi. Usidanganywe tu kwamba misuli itakuunguzia kalori mamia ukiwa umelala. Kilo moja ya misuli iliyopumzika inatumia kama 13 kwa siku. Faida yake iko kwenye magoti, mgongo na sukari.

Ukifuata haya wiki sita na mizani pamoja na futi kamba vikakataa vyote, nenda hospitali wapime tezi ya shingo na sukari. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mwambie mhudumu, kwa sababu kuna wanawake ambao inawaongeza uzito, usiiache kimyakimya. Na kama unameza dawa za kisukari au presha, muone daktari wako kabla ya kupunguza chakula, maana dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Nimebakiza mwanao. Usimpimie. Mvulana wa miaka 13 anayekimbia na kucheza mpira anaweza kuhitaji zaidi ya kalori 2,500 kwa siku, zaidi yako wewe mama yake, kwa sababu anajenga mifupa na anakaribia kurefuka kwa kasi ambayo itakumalizia pesa za sare za shule. Kumnyima sasa ni kumwibia urefu. Soda na chipsi za kila siku mkatalie, maziwa, mayai, maharage na dagaa mwongezee. Na ile chapati ya pili, mpe yeye.